Baiskeli isiyotembea: namna mchezo wa kompyuta ulivyopata miguu

Tarehe 9 Desemba 2020, Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini alishinda ubingwa wa dunia wa baiskeli bila kusogea hata mita moja. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa juu ya mashine, mbele yake kulikuwa na skrini, na zile kilometa 50 alizokimbia zilikuwa katika Watopia, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote kwa sababu imechorwa na watengenezaji wa programu. Upande wa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye watu walimfahamu zaidi kama mpiga makasia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, kutoa jezi ya bingwa wa dunia kwa mchezo wa kompyuta.

Kuna waliocheka. Mchezo wa kompyuta, kwa wazazi wengi wa Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa, ni mtoto aliyekaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni, vidole ndivyo vinavyofanya kazi, mwili mwingine wote umelala. Lakini jasho la wale washindani lilikuwa jasho kweli. Miguu ikichoka, yule mtu mdogo kwenye skrini anabaki nyuma. Kufikia hapo kumechukua zaidi ya miaka mia mbili, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni habari ya watu kushindwa.

Mwaka wa 1796, Francis Lowndes wa London alipata hati ya uvumbuzi wa mashine aliyoiita Gymnasticon. Mgonjwa alikaa au kusimama ndani yake, mikono ikazungusha vishikio na miguu ikasukuma vikanyagio vya mbao. Ilikusudiwa watu wenye jongo, waliopooza, na wale ambao kazi yao iliwaweka mezani siku nzima. Mtu mwingine pia aliweza kuizungusha kwa ajili ya mgonjwa asiye na nguvu. Basi baiskeli isiyotembea ilizaliwa kabla ya baiskeli inayotembea.

Ikaja nyingine ya ukatili. Mwaka wa 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alitengeneza gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya wafungwa. Walipanda ngazi zake saa nyingi bila kufika juu. Katika magereza mengine gurudumu lilisaga nafaka au kupandisha maji. Kwingine lilisukuma hewa tu, halikuleta chochote. Uingereza iliondoa adhabu hiyo mwaka wa 1898. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeuza mashine za mazoezi: kukanyaga bila kwenda popote, na bila kupata chochote, kulihesabiwa kuwa adhabu ya kutosha kwa mwizi.

Wakati huohuo baiskeli ya kweli ilikuwa imeenea. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo mjini Belfast mwaka wa 1888, Ulaya na Marekani wakaingiwa na wazimu wa baiskeli, na bei ya mpira ikapanda. Wakongo hawahitaji kukumbushwa mpira huo ulitoka wapi na kwa mijeledi gani. Ni watu waliokatwa mikono kwa ajili ya tairi za watu waliokuwa wakitembea Jumapili kwa starehe. Historia ya kinga, kama watu wa Katanga wanavyoiita baiskeli, haiwezi kuandikwa huku nyumbani bila sentensi hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri walikuwa tayari wana baiskeli za kufungwa sakafuni. Meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye baiskeli za namna hiyo. Ukutani kulikuwa na uso mkubwa kama wa saa, wenye mishale miwili, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu. Abiria wawili walikanyaga, na kila mmoja aliuona mshale wake ukikimbizana na wa mwenzake. Hakukuwa na umeme wa kompyuta wala skrini, lakini mchezo wenyewe ulikuwa umeshaanza: kitu fulani mbele ya macho kinakwenda mbele kwa sababu miguu yako inakwenda.

Kompyuta iliingia taratibu. Mkemia wa California, Keene Dimick, alibuni Lifecycle, baiskeli ya mazoezi yenye ubongo wa elektroniki, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imejaa katika vyumba vya mazoezi vya Marekani. Taa ndogo nyekundu zilichora vilima, na kilima kikifika, pedali inakuwa nzito. Ilikuwa picha maskini, lakini ilijibu mguu.

Kampuni ya Atari ikaona fursa. Mwaka wa 1982 wahandisi wake walikuwa wakifanya kazi ya siri iliyoitwa Puffer, baiskeli ya mazoezi ya kuunganisha na michezo yake ya video. Haikufika dukani. Soko la michezo ya video Marekani lilianguka mwaka wa 1983, Atari ikauzwa mwaka uliofuata, na Puffer ikazikwa pamoja na mipango mingine mingi.

Baada yake walijaribu wengine. RacerMate ya Seattle ilileta CompuTrainer, ambayo mtu alifunga baiskeli yake mwenyewe na kuiunganisha na Nintendo kwa kaseti maalumu. Wakimbiaji wa kweli waliipenda, kwa sababu ilipima nguvu yao kwa wati. Mwaka wa 1994 Life Fitness na Nintendo walitoa Exertainment, baiskeli ya Super Nintendo yenye mchezo wa kupanda milima. Japani, Namco ilitoa Prop Cycle mwaka wa 1996 kwa kumbi za michezo: mchezaji alikanyaga ili aruke angani na kupasua maputo. Prop Cycle ilifurahisha watu dakika tatu. Exertainment haikuuzika.

Sababu za kushindwa si ngumu kuziona. Baiskeli ilikuwa ghali mara nyingi kuliko mchezo wenyewe. Ilikula nafasi sebuleni. Na kaseti zenyewe zilikuwa mbili tatu, mtu akizimaliza, chombo kinageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo. Lakini kulikuwa na kosa la ndani zaidi. Mashine nyingi za aina hii zilitumia pedali kama kitufe kingine tu: zungusha, gari linakwenda. Ukizungusha kwa uvivu au kwa nguvu zako zote, tofauti ni ndogo, na mwili unagundua haraka kwamba unadanganywa.

Hata hivyo, mchezo ulikuwa na uwezo ambao daktari hana. Mwaka wa 2007 watafiti wa British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililohusu vijana wanaume 14 waliokuwa hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa wiki sita, nusu walikanyaga baiskeli ya kawaida, nusu wakakanyaga baiskeli iliyounganishwa na PlayStation 2. Wale wa baiskeli ya kawaida walihudhuria asilimia 48 ya mazoezi waliyopangiwa. Wale wa mchezo walihudhuria asilimia 78. Vijana 14 ni wachache mno kutangazia dunia nzima, lakini hesabu hiyo inaeleza kitu ambacho kila mwalimu wa michezo anakijua: dawa ya mazoezi ipo, taabu ni kumfanya mtu arudi kesho.

Aliyepata njia ni Jon Mayfield, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta wa California ambaye mwenyewe alikuwa mpanda baiskeli. Alijiandikia programu ya kukanyagia nyumbani. Mfanyabiashara Eric Min na wenzake wakaungana naye, na mwaka wa 2014 ikatoka Zwift. Hapa gurudumu la nyuma linaondolewa, mnyororo unawekwa kwenye mashine yenye gurudumu zito na sumaku. Mlima ukitokea kwenye skrini, sumaku zinakaza na miguu inaungua. Mashine inahesabu wati, programu inagawanya kwa uzito wa mpandaji, inaongeza mteremko na upepo, na ndiyo inapata mwendo. Ukijificha nyuma ya mwenzako unapumzika kidogo, kama barabarani. Na yule mwenzako ni mtu kweli, anakanyaga sebuleni kwake Tokyo au Johannesburg.

Miguu ikawa na maana. Na mara tu ilipokuwa na maana, wizi ukaanza.

Mwaka wa 2019 Uingereza ilifanya ubingwa wake wa kwanza wa taifa wa mchezo huu, na Cameron Jeffers akashinda. Miezi michache baadaye alinyang'anywa taji, akapigwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita. Siku ya shindano alikuwa amekanyaga mwenyewe, mbele ya watu. Lakini baiskeli aliyopanda ndani ya mchezo, yenye mwendo bora kidogo kuliko nyingine, hupatikana na anayepanda jumla ya mita 50.000 za milima. Jeffers aliipata kwa kuachia programu imkanyagie, huku miguu yake imepumzika. Ndiyo kusema, baada ya watu kuhangaika miaka mingi kuilazimisha miguu iingie ndani ya kompyuta, mmoja alipata namna ya kuitoa. Kuna njia rahisi zaidi: mwenye kilo 80 anaandika 65, na mlima wote unakuwa mwepesi. Ndiyo maana siku hizi katika mashindano makubwa mpandaji hupanda mizani mbele ya kamera kabla ya kupanda baiskeli.

Wapo walioingia kwa mlango huu na kutokea barabarani. Jay Vine wa Australia alishinda shindano la kutafuta vipaji la Zwift mwaka wa 2020, zawadi ikiwa mkataba na timu ya kulipwa. Mwaka wa 2022 alishinda hatua mbili za Vuelta ya Uhispania, milima ya mawe na lami. Na Julai 2020, korona ilipofunga barabara, Tour de France ya kwenye skrini iliwapa wanawake hatua zilezile sawa na wanaume, jambo ambalo Tour yenyewe ilikuwa haijalifanya.

Afrika ilivaa jezi ya ubingwa huu siku ya kwanza kabisa, kwa miguu ya Moolman Pasio, karibu miaka mitano kabla UCI haijaleta mashindano ya dunia ya barabarani Kigali, Septemba 2025. Lakini kumpata mshindani kutoka Goma au Kolwezi ni hesabu nyingine. Zwift inadai dola 20 kwa mwezi. Mashine ya kufungia baiskeli inagharimu mamia ya dola. Juu yake weka intaneti isiyokatika kwa saa nzima, na umeme. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa bidii anatoa kama wati 100, zingetosha kuwasha kompyuta ndogo aliyonayo mbele yake, lakini mashine nyingi hizi zinauchoma ule umeme kuwa joto bure.

Mwaka wa 2024 UCI ilihamishia ubingwa kwenye programu nyingine, MyWhoosh ya Falme za Kiarabu, ambayo mtu anaitumia bila kulipa chochote. Fainali haikukimbiwa majumbani. Washindani walisafiri kwa ndege mpaka Abu Dhabi, wakafungiwa baiskeli zao katika ukumbi mmoja, waamuzi wakiwa wamesimama hapo hapo wakitazama miguu.