Kamba hukatikia pembamba

Ndugu msikilizaji, wahenga walipotuambia kwamba kamba hukatikia pembamba hawakuwa na kamba peke yake akilini. Walikuwa wakitufundisha juu ya ndoa, juu ya serikali, juu ya urafiki. Lakini juma hili naomba tuichukue methali hiyo kama ilivyo, tuizungumzie kamba yenyewe, tena ile iliyo nyembamba kupita zote: mshipi wa mvuvi.

Mvuvi wa mshipi tunamfahamu. Yuko Lamu, yuko Bagamoyo, yuko Mwanza. Ana ndoana, ana chambo, ana chubwi, na ana uzi alioufunga kidoleni akisikiliza kilichoko chini ya maji. Lakini leo nakupeleka mbali, mpaka Marekani, kwa sababu huko ndiko mshipi ulikopewa heshima kubwa na lawama kubwa pia, katika mashindano ya kuvua samaki aitwaye bass.

Bass ni samaki wa maji baridi, mwenye kinywa kipana na hasira za haraka. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Naivasha wanamjua, maana walowezi walimtia ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1920 wapate mchezo wa kuvua. Kwa watu wa Naivasha ni kitoweo. Kwa Wamarekani ni mchezo wa fedha, wenye waamuzi, mizani, wadhamini na mabingwa wanaotambulika barabarani.

Mashindano hayo yalianzaje? Mwaka 1967 wakala mmoja wa bima kutoka Alabama, jina lake Ray Scott, aliwaita wavuvi kwenye ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas. Walikuja watu 106, kila mmoja akatoa dola 100. Mshindi, Stan Sloan wa Tennessee, aliondoka na dola 2,000 na safari ya mapumziko Mexico. Mwaka uliofuata Scott akaunda chama cha wavuvi wa bass, na mwaka 1971 akaanzisha fainali kuu iitwayo Bassmaster Classic. Wavuvi 24 walipandishwa ndege pasipo kuambiwa wanakwenda wapi, wakashushwa Ziwa Mead, Nevada. Bobby Murray akashinda dola 10,000. Katika miaka ya karibuni mshindi wa fainali hiyo amekuwa akipata dola 300,000.

Sasa angalia, msikilizaji, fedha zote hizo zinaning'inia wapi. Motaboti ni ya maelfu ya dola. Injini ni ya maelfu ya dola. Kuna mitambo ya kuwatafuta samaki kwa mwangwi. Lakini kati ya mtu na samaki hakuna motaboti wala injini. Kuna uzi mmoja tu, ambao pengine ndio kitu cha bei ya chini kabisa chomboni.

Na pengo kati ya kushinda na kushindwa ni dogo ajabu. Mwaka 1989, kwenye mto James katika jimbo la Virginia, Hank Parker alishinda fainali kwa wakia mbili tu, kama gramu 57. Huo ni uzito wa yai moja la kuku! Aliyekuwa wa pili, Jim Bitter, alikuwa amekwisha kumpata samaki wa kumpa ushindi. Alipokuwa akimpima urefu, samaki akamponyoka akarudi majini. Siku hiyo mshipi haukukatika, mkono ndio ulioteleza. Lakini kila mshindani aliyesikia habari ile alielewa kwamba samaki mmoja akipotea, kwa mkono au kwa mshipi, mwaka mzima umepotea.

Basi tujiulize: mshipi wa kuaminika ulitoka wapi? Na je, umepatikana?

Hapo zamani wavuvi wa Ulaya na Marekani walisokota nywele za mkia wa farasi. Baadaye wakatumia hariri, pamba na kitani. Hariri ilikuwa laini na yenye nguvu, lakini ilidai kuhudumiwa kama mtoto mchanga. Kila jioni mvuvi aliukunjua mshipi wake wote, akauanika ukauke, akaupaka mafuta. Akisahau siku mbili tatu unaota koga, na ukiota koga unaoza. Kitani kilikuwa na sifa ya pekee ya kuongezeka nguvu kikilowa maji, lakini nacho kilioza kisipokaushwa. Kwa hiyo mvuvi wa enzi hizo hakuwa na nafasi ya kuuamini mshipi kwa macho yaliyofumbwa. Alilazimika kuupitisha vidoleni kila siku, akaujua kila sehemu iliyochakaa.

Halafu ikaja nailoni. Tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya kampuni ya Du Pont, jimbo la Delaware, kundi la wanakemia chini ya Wallace Carothers lilifanikiwa kuitengeneza kwa mara ya kwanza. Carothers mwenyewe alifariki mwaka 1937, kabla dunia haijatangaziwa habari hiyo mwaka 1938. Kwanza ikawa nywele za mswaki. Kisha, mwaka 1940, ikawa soksi ndefu za akina mama, ambazo ziligombaniwa madukani. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto nailoni ikachukuliwa na jeshi kwa ajili ya miavuli ya askari wa angani.

Mishipi ya kwanza ya nailoni ilikuwa migumu kama waya na wengi waliikataa. Hata hivyo, kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vilijua kutengeneza uzi mwembamba, laini, usioonekana kwa urahisi majini, na wa bei nafuu. Na zaidi ya yote, usiooza. Hakuna kuanika tena, hakuna kupaka mafuta. Ray Scott alipowaita watu wake Beaver mwaka 1967, nailoni ilikuwa imekwisha kutawala.

Lakini nailoni nayo ina siri zake. Hunywa maji, na ikilowa hupungukiwa na nguvu. Huvutika, jambo linalosaidia samaki anaporusha kichwa, lakini mvuvi aliye mbali akivuta ndoana, nusu ya nguvu zake huishia kwenye uzi. Jua huidhoofisha polepole. Ikikaa sana kwenye kigurudumu cha kuzungushia hujikunja, ikakataa kunyooka. Hatari ni kwamba mshipi wa hariri uliooza ulionekana kuwa umeoza, ilhali mshipi wa nailoni uliochoka unaweza kung'aa kama mpya.

Tena tukumbuke maziwa yenyewe yalivyo. Mengi kati ya hayo ni mabwawa yaliyotengenezwa na binadamu. Bwawa la Beaver lilikamilika mwaka 1966, mwaka mmoja tu kabla ya shindano la kwanza, na Ziwa Mead ni mtoto wa bwawa la Hoover la miaka ya 1930. Maji yalipopanda yalifunika visiki, mawe na mabonde. Bass hupenda kujificha humo humo, na akishikwa na ndoana, jambo lake la kwanza ni kukimbilia kisikini. Huko uzi husuguliwa kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Mkwaruzo usioonekana kwa macho hutosha kuukata.

Wataalamu wakarudi maabara. Huko Japani, kampuni ya Kureha ilitoa mwaka 1971 uzi wa florokaboni. Huu haunywi maji, na hupindisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe, kwa hiyo samaki hauoni kwa urahisi. Ni mzito, huzama. Wavuvi wa bass wakaushangilia. Lakini ukiukaza fundo lake pasipo kulilowesha mate au maji, uzi huungua kwa msuguano na kukatika pale pale. Na ukiutumia kwa chambo cha kuelea, unakizamisha.

Huko Uholanzi nako, Paul Smith na Piet Lemstra wa kampuni ya DSM walivumbua katika miaka ya 1970 njia ya kuvuta nyuzi za plastiki iitwayo polietilini mpaka zikashinda chuma kwa nguvu, uzito kwa uzito. Nyuzi hizo zikaingia kwenye fulana za kuzuia risasi na kamba za meli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikasukwa kuwa mishipi. Mshipi huu wa kusuka ni mwembamba mno kwa nguvu zake na hauvutiki karibu hata kidogo. Wengi walidhani safari imefika mwisho. La hasha! Kumbe unateleza, na fundo lililoshika barabara kwenye nailoni linajifungua lenyewe kwenye uzi huu. Kwa vile hauvutiki, unaweza kurarua mdomo wa samaki au kuvunja ufito wa kuvulia. Kwenye maji maangavu unaonekana, na ukisuguana na jiwe kali unakatika licha ya sifa zake zote.

Unaona mtiririko wake, msikilizaji? Kila kizazi kiliuziwa mshipi usioangusha. Kila mshipi uliponya udhaifu wa ule uliotangulia, na ukaja na udhaifu wake wenyewe.

Hata maandishi ya kwenye paketi yanahitaji kusomwa kwa akili. Ukiona imeandikwa ratili 12, usidhani uzi utakatika hasa kwenye ratili 12. Mara nyingi mishipi ya kawaida hukatika kwa uzito mkubwa kuliko ulioandikwa. Chama cha kimataifa cha IGFA, kilichoundwa mwaka 1939 na kinachotunza rekodi za uvuvi, hakikubali kuamini paketi. Anayedai rekodi ya daraja fulani la mshipi hupeleka kipande cha mshipi wake, kikaloweshwa majini, kikavutwa kwa mashine mpaka kikatike. Mshipi ukizidi nguvu za daraja aliloomba, rekodi haipati hapo. Yaani yuko mtu anayenyimwa heshima kwa sababu mshipi wake ulikuwa na nguvu kupita alivyodhani.

Mabingwa wa leo wamejifunza nini basi? Kwanza, hawana mshipi mmoja. Kwenye majani mazito wanatumia uzi wa kusuka, wamng'oe samaki kwa nguvu. Kwenye maji maangavu na ya kina wanatumia florokaboni. Kwa vyambo vya kuelea wengine bado wanarudi kwenye nailoni ile ile. Wengine huunga aina mbili, wakijua wazi kwamba wameongeza fundo, na fundo ni mahali pembamba pengine. Pili, mvuvi makini hupitisha mita moja ya mwisho ya mshipi wake vidoleni baada ya kila samaki na baada ya kila kisiki. Akihisi mkwaruzo, anakata, anafunga upya. Hana huruma na uzi, wala haoni uvivu.

Hebu tafakari. Wanakemia wa mabara matatu wamefanya kazi tangu miaka ya 1930, na bingwa wa leo amerudi pale pale alipokuwa babu yake mwenye mshipi wa hariri: kuupitisha vidoleni. Nathubutu kusema kwamba mshipi wa kuaminika haujatengenezwa bado, wala hautatengenezwa. Kilichopo ni mvuvi anayeujua mshipi wake utakatikia wapi.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo linatuhusu hata sisi tusiovua. Udhaifu mkubwa wa hariri ulikuwa kuoza. Tuliufuta udhaifu huo, tukashangilia. Leo uzi wa nailoni uliokatika na kuachwa majini hubaki huko miaka na miaka, ukinasa ndege, kasa na samaki wasiovuliwa na mtu. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimepiga marufuku nyavu za uzi mmoja wa nailoni, na sehemu ya sababu ni hiyo: mvuvi akiupoteza, wavu wenyewe haukomi kuvua. Sifa ile ile tuliyoinunua kwa furaha ndiyo inayotudai sasa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiambiwa dukani kwamba kitu hiki hakiharibiki, kiwe mshipi, kamba, tairi au nondo ya kujengea nyumba, usibishane na muuzaji. Muulize swali moja tu: kikiharibika, kinaanzia wapi? Anayeijua bidhaa yake atakujibu. Asiyeweza kukujibu amekuuzia fundo ambalo hajalivuta hata mara moja.