Pale Bibi Alipotua Kuni

Nilipomwambia bibi kwamba kesho yake ningepanda kwenye maporomoko ya Sanje na wenzangu watatu wa darasani, aliuliza swali moja tu: "Mnakwenda kufanya nini?"

Nikamjibu kwamba tunakwenda kutembea na kuogelea.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani mume wangu, umetoka Dar es Salaam kwa nauli, ukalipe na kiingilio getini, ili ukaoge?"

Kutoka uani kwake maporomoko yanaonekana vizuri. Ni uzi mweupe ulioning'inia kwenye ukuta wa kijani wa milima ya Udzungwa, maji yakianguka kwa hatua tatu, jumla ya mita 170 hivi. Bibi huyatazama asubuhi kama wengine wanavyotazama saa. Uzi ukinenepa anajua juu kumenyesha, hata kama uwanjani kwake vumbi bado linatimka.

Yeye si mzaliwa wa hapa. Aliletwa na reli. Babu alitoka Njombe kuja kutafuta kibarua cha TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, wakati Mang'ula ilipokuwa kambi kubwa ya mafundi wa Kichina na vibarua wa Kitanzania. Reli ilipokwisha, babu alihamia kwenye miwa ya Kilombero, wakapata kiwanja Sanje. Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia, na nilikuja nikidhani nitaandika juu ya reli. Kupanda mlima ilikuwa mapumziko tu ya siku moja.

Tuliandikisha majina, tukapewa mwongozaji, tukaanza kupanda saa mbili asubuhi. Chini kulikuwa na joto la mashamba ya miwa. Baada ya nusu saa jua likabaki nje ya msitu kama mgeni aliyekatazwa kuingia, na mashati yetu yakawa ya baridi mgongoni. Mwongozaji alituonesha mbega wekundu waliokuwa wakila majani juu ya vichwa vyetu bila kutujali. Akatueleza kwamba Udzungwa ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, na kwamba hapa msitu unapanda bila kukatika kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Hifadhi ya taifa ilitangazwa 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990.

Bwawani tulivua viatu bila kusemezana. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi, na kishindo cha poromoko kilitulazimisha kupiga kelele ili kusikilizana. Mmoja wetu asiyejua kuogelea alikaa kwenye jiwe, miguu majini, akitupiga picha. Tulipotoka na kugeuka nyuma, bonde lote la Kilombero lilikuwa mbele yetu: miwa iliyokatwa kwa miraba, mstari wa reli, mabati ya vijiji yakimeta. Nilijaribu kulitafuta bati la bibi nikashindwa.

Hapo ndipo mwongozaji alipotusimulia habari ya kima wa Sanje. "Waligunduliwa mwaka 1979," alisema.

Habari hiyo nilikuwa nimeisoma. Watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wakifanya kazi katika msitu huu waliposikia mlio wa kima wa jamii ambayo haikujulikana kuwepo sehemu hizi. Msaidizi wao, mwenyeji, hakushangaa. Alimjua mnyama huyo, na wenyeji walimwita n'golaga. Watafiti walipelekwa kijijini Sanje, na huko walikuwepo watu wanaofuga mtoto wa kima huyohuyo. Mwaka 1981 ikatoka makala ya kisayansi iliyomtambulisha ulimwenguni. Haishi popote pengine duniani isipokuwa kwenye misitu ya Udzungwa.

Kwa haki, watafiti wenyewe hawakuficha mchango wa msaidizi wao. Ufupisho umekuja baadaye, kwenye vipeperushi na midomo ya sisi tunaosimulia haraka, mpaka linabaki neno moja: waligundua. Wala siwezi kuudharau ugunduzi huo. Kuandikwa kwa kima yule kulitia uzito hoja ya kuulinda msitu, na bila ulinzi pengine ningekuwa nimekaa kwenye jiwe la jua kali, natazama visiki.

Jioni nilimkuta bibi jikoni, akichochea moto wa vijiti vya mwarobaini alioupanda mwenyewe. Mtungi wa gesi aliouleta baba umekaa kona, umefunikwa kitambaa. Anautumia kwa chai ya wageni. Maharage, anasema, hayana urafiki na gesi. Yanaimaliza kabla hayajaiva.

Nilimuuliza kuhusu kuni. Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanawake wa vijiji hivi waliruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafikia mwisho. Nilikuwa na daftari mkononi, na nakiri nilikwisha andika kichwani sentensi ya kumtetea: mwanamke aokotaye matawi makavu, asiyedhuru chochote.

"Makavu?" bibi alisema. "Makavu yalikuwa yanakwisha mapema. Wengine walificha panga ndani ya kanga. Na mimi pia, mara mojamoja. Mvua ya masika, watoto sita, ungefanyaje?"

Nikanyamaza. Aliendelea kuchochea.

"Hawakukosea kusema msitu unaumia. Walikosea kufunga mlango kabla hatujapata jiko lingine. Miche ilikuja, ndiyo. Lakini mche hauivishi ugali wa leo."

Niliuliza kama nisiiandike habari ya panga. Alifikiri kidogo. "Iandike. Ukiiacha, atakayekuja kuuliza mwingine ataambiwa na watu wengine, nao watasema tulikuwa wezi. Afadhali niseme mwenyewe na sababu niiseme."

Kisha akauliza tulimwona n'golaga. Nikamwambia hapana, mbega tu. Akaweka mwiko chini, akavuta pumzi, akatoa mlio wa kina kutoka kifuani, uliopanda na kumalizikia kwa kububujika. Mbwa wa jirani akabweka. Bibi akarudi kwenye maharage yake kama mtu aliyekohoa tu.

Nilimwonesha picha kwenye simu: sisi watatu majini, meno yanagongana, poromoko nyuma yetu. Aliisogeza karibu na macho, akaigusa kwa kidole, picha ikakuwa kubwa ghafla. Hakutazama sura zetu. Alitazama jiwe alilokalia yule mwenzetu asiyejua kuogelea.

"Hili jiwe nalijua," alisema. "Hapa tulikuwa tunatua mizigo. Tunanawa uso, tunakunywa, tunafunga kata upya. Mama mmoja alikuwa na sauti nzuri, akiimba tunasahau shingo." Akanirudishia simu. "Kwa hiyo sasa panaitwa pa kuogelea."

Usiku nilifungua daftari. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika: bwawa la kuogelea, saa tano na robo. Sikuifuta. Chini yake niliongeza: jiwe la kutulia kuni, hadi 2011, kwa maelezo ya bibi. Kisha nikarudi jikoni kumwomba aniambie jina la yule mama aliyekuwa akiimba.