Meko, Dohani na Ukuta Wenye Unyevu: Somo Kutoka Nyumba za Zamani za Misheni

Historia ya usharika haimo katika vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za vikao peke yake. Imo pia katika kuta za nyumba walimoishi watumishi wake.

Kabla ya matofali ya kuchoma kufika, wenyeji wa Karagwe na Buhaya waliishi katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Moto uliwaka ndani, wala hapakuwa na dohani. Moshi ulijipenyeza polepole katika nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto kwa muda mrefu ilianza kuoza. Hivyo moto ulipika chakula, ukawapa watu joto, na papo hapo ukaihifadhi nyumba.

Misheni ya Bethel, iliyokuwa imeanza kazi Usambara mwaka 1891, ilifika Bukoba mwaka 1910 chini ya uongozi wa Ernst Johanssen. Iliwakuta huko Wahaya waliokwisha kulipokea Neno kwa njia ya Buganda. Pamoja na Injili na shule ilikuja namna mpya ya kujenga: kuta nene za matofali, madirisha mapana na, baadaye, mabati. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako usiku ni wa baridi, baadhi ya nyumba za wamisionari zilijengewa meko ya kuotea moto, yenye dohani ya matofali iliyotokeza juu ya paa. Moshi ukapata njia yake ya kutokea. Lakini njia hiyohiyo ikawa mlango wa mvua.

Moto ulipokuwa ukiwaka kila jioni, matone yaliyoingia yalikaushwa. Zamani zilipobadilika, meko mengi yaliachwa au yakazibwa kwa matofali. Ndipo mabaka ya rangi ya kahawia yalipoanza kuonekana kwenye ukuta wa meko, rangi ikabambuka, na chumvi nyeupe ikatokea juu ya plasta. Kwa kawaida dawa ya kwanza ilikuwa kupaka rangi mpya. Mvua ziliporudi, baka nalo lilirudi, na sadaka za Wakristo zilikuwa zimekwisha kutumika.

Fundi mwenye busara huanza kwa kuuliza, hachukui mwiko kwanza. Je, baka linaongezeka mara baada ya mvua kubwa? Basi maji yanaingia kwa juu: kupitia mdomo wa dohani usio na kifuniko, viungo vya matofali vilivyolika, au mahali dohani inapokutana na bati. Je, unyevu umeanzia chini na kukoma karibu mita moja kutoka sakafuni? Huenda unapanda kutoka ardhini, hasa pale udongo wa nje ulipopanda juu kuliko sakafu. Je, ukuta unalowa siku za ukungu hata kama mvua haijanyesha? Hapo ashuku chumvi za masizi. Moshi wa miaka mingi huacha katika matofali chumvi zinazovuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo ukuta huweza kulowa hata kama paa ni zima kabisa.

Mkoa wa Kagera una sababu nyingine ya kuchunguza kwa makini. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa na kupasua nyumba nyingi, na dohani ndefu ya matofali ni miongoni mwa sehemu za nyumba zinazopasuka upesi inapotikiswa. Ufa mwembamba usioonekana kutoka chini watosha kupitisha maji ya masika yote.

Matengenezo hufuata mpangilio. Kwanza maji yazuiwe: viungo vijazwe upya, na bati lililokunjwa lichomekwe katika kiungo cha matofali ili kuziba maungio ya paa. Pili, mdomo wa dohani upewe kifuniko kinachozuia mvua bila kuzuia hewa, na meko yaliyozibwa yaachiwe tundu la kupitishia hewa. Tatu, plasta iliyojaa chumvi ibanduliwe hadi kwenye tofali. Nne, ukuta uachwe ukauke. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, yaani ukuta wa inchi tisa huhitaji karibu miezi tisa. Mwisho ndipo plasta ya chokaa inapopakwa, kwa kuwa chokaa huuacha ukuta upumue, ilhali saruji nzito huufungia unyevu ndani.

Msomaji wa Maandiko hatashangazwa na utaratibu huo. Walawi 14 inamwagiza kuhani aikague nyumba yenye pigo, aifunge siku saba, kisha mawe yenye madoa yaondolewe na lipu ikwanguliwe kabla ya kupaka mpya. Sheria hiyo haikuruhusu kufunika doa, wala haikuamuru nyumba ibomolewe kabla ya kuchunguzwa.

Nyumba nyingi za waliotangulia zimebomolewa kwa haraka, na nyingine zimepakwa rangi hadi zikaanguka. Wazee wa usharika watakaosimama mbele ya ukuta wa namna hiyo, huko Nyabiyonza au kwingineko, wapande kwanza darini na juu ya paa. Baka liko sebuleni, lakini chanzo chake mara nyingi kiko juu, mahali ambapo hapajatazamwa tangu moto wa mwisho ulipozimika.