Oksidi ya kobalti: unga mweusi unaozaa buluu

Kobalti hupita Mbeya na Iringa bila kushuka. Malori yanayotoka Kolwezi na Lubumbashi huingia Tunduma, yakakata Mbeya, Makambako na Mafinga, kisha yakateremka mlima Kitonga kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mengi hubeba shaba. Mengine yana mifuko ya hidroksidi ya kobalti, maana zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Siku hizi sehemu kubwa huishia kwenye betri, lakini kazi ya kutia vyombo buluu ni ya zamani kuliko betri yoyote.

Mfinyanzi hatumii hidroksidi hiyo. Anayohitaji ni oksidi ya kobalti, yaani kobalti iliyoungana na oksijeni, ambayo wanakemia huiandika CoO au Co₃O₄. Jina limeundwa kwa kawaida ya istilahi zetu za kemia: maneno mawili yaliyotoholewa kwa sauti, yakaunganishwa kwa "ya". Wapo watakaoona kwamba "rangi ya bluu" ingetosha na ingeeleweka upesi zaidi. Shida ni kwamba ukifungua kopo hutaona bluu. Oksidi ni unga mweusi, na nduguye, kabonati ya kobalti, ni wa zambarau iliyopauka. Buluu hutokea tanurini, pale oksidi inapoyeyukia ndani ya kioo. Kwa hiyo hii si rangi ya kupaka. Ni kitia rangi, na bila kioo hakitii kitu.

Kioo hicho ndicho glezi: rojo la unga wa mawe na udongo mweupe linalopakwa juu ya chombo, ambalo moto huligeuza kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Wengine wamependekeza "mng'aro", lakini mng'aro ni sifa tu. Hata chungu kilichosuguliwa kwa kokoto kinang'aa, na hakina glezi. "Kauri" nayo ni chombo chenyewe. Tuiache glezi iwe glezi.

Tofauti hiyo kati ya mng'aro na glezi inaonekana wazi Matema, wilayani Kyela. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao hufika sokoni Matema kwa mitumbwi. Havina glezi. Huchomwa mahali pa wazi, na moto wa namna hiyo kwa kawaida hauvuki nyuzi 900 za Selsiasi. Glezi nyingi huhitaji nyuzi 1,000 au zaidi, na zile za vyombo vigumu 1,200 hadi 1,300. Paka oksidi ya kobalti kwenye chungu cha namna hiyo, ukichome kama ilivyo desturi, na utabaki na doa jeusi linaloshika kidoleni. Anayetaka buluu aanze kwa kujenga tanuri.

Kioo ndicho pia kinachoifanya buluu idumu. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen, China, walichora vyombo kwa kobalti iliyotoka Uajemi, wakaifunika kwa glezi angavu. Vigae vya kauri za Kichina za buluu na nyeupe vimefukuliwa Kilwa, na baada ya karne kadhaa ardhini michoro yake bado inasomeka, kwa sababu rangi imefungiwa ndani ya kioo.

Oksidi hii inaweza pia kuchanganywa kwenye udongo wenyewe. Hapo udongo mwekundu ni adui: chuma kilichomo huizima buluu ikawa kijivu au nyeusi. Wa kufaa ni udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa Pugu au wa Malangali mkoani Iringa.

Kwa vipimo, kobalti ni kama pilipili kichaa. Katika kilo moja ya glezi kavu, gramu 2.5 hutosha kwa buluu nyepesi, gramu 5 huleta buluu ya wazi, na gramu 10 buluu iliyokolea. Ukifika 20 unakaribia weusi. Tafuta mizani inayosoma gramu, maana kijiko kitakudanganya. Saga unga pamoja na maji kidogo na uuchuje kwa chujio laini, la sivyo kila chembe iliyosalia itaacha kidoa cha buluu kali. Kabonati hutawanyika vizuri zaidi, ila nusu tu ya uzito wake ndiyo kobalti, wakati Co₃O₄ ina asilimia 73. Penye gramu moja ya oksidi hiyo, weka moja na nusu ya kabonati. Magnesia ikizidi kwenye glezi, buluu huelekea zambarau.

Vumbi la oksidi ya kobalti lina sumu, na glezi isiyoyeyuka sawasawa inaweza kuachia kobalti kwenye chakula chenye ndimu au siki. Ndiyo maana jina kamili lina kazi hata kwenye kopo la karakana. Anayesoma "rangi ya bluu" anaweza kuchovya brashi akapaka. Kibandiko kiseme hivi: oksidi ya kobalti, unga mweusi, gramu 5 kwa kilo ya glezi kavu, vaa barakoa, usitumie chombo cha jikoni.