Altaneta ikigoma: kutengeneza au kununua nyingine?

GARI linalotoka Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe wilayani Mlele, kwenda Mpanda hupita Kibaoni, kisha hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kutokea Sitalike. Hifadhini si mahali pa kushuka na kufungua boneti, kwani nyati, tembo na simba wako karibu. Ndiyo maana taa nyekundu yenye alama ya betri kwenye dashibodi, ambayo dereva wa mjini huweza kuipuuza hadi jioni, kwa dereva wa Majimoto ni jambo la kuamuliwa kabla ya safari.

Kwa kawaida taa hiyo huashiria kwamba altaneta, mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini ili kuzalisha umeme, haichaji betri ipasavyo. Gari la petroli linaloongozwa na kompyuta litatembea kwa umeme uliobaki kwenye betri, kisha litazima. Dizeli ya zamani huweza kuendelea, lakini usiku taa zake hufifia, na ikishazimwa haiwaki tena bila kusukumwa.

Wengi huingia hasara kwa kununua kabla ya kupima. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima ya volti 12 husoma takriban 12.6 kwenye mita. Injini ikiwaka, kipimo hupaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, umeme haufiki kwenye betri. Kikipita 15, regyuleta imeharibika na betri itachemka. Kwa malori ya volti 24, vipimo hivyo huzidishwa mara mbili. Aidha, mkanda uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu au waya wa ethi uliokatika huleta dalili zile zile, na hakuna kati ya hivyo kinachohitaji altaneta mpya.

Ipo pia tabia ya kung'oa waya wa betri injini ikiunguruma, eti kuona kama gari litazima. Si kipimo hicho. Volteji huruka ghafla na kuunguza dayodi, pengine hata kompyuta ya gari, na altaneta iliyohitaji matengenezo madogo hugeuka chuma chakavu.

Baada ya kuifungua, uamuzi hutegemea kilichokufa. Kaboni zilizolika ni ubovu wa kawaida, na vumbi la barabara za udongo huziharakisha. Kuzibadilisha ni kazi ya saa chache na bei yake ni ndogo, mradi pete za shaba zinazosuguana nazo hazijachimbika. Beringi inayokwaruza hubadilishwa vivyo hivyo. Regyuleta na dayodi nazo hutengenezeka, iwapo spea inayolingana imepatikana.

Koili iliyoungua ni habari nyingine. Harufu ya kuungua na waya uliogeuka mweusi humaanisha altaneta ilizidiwa na joto. Mafundi huweza kuisuka upya, lakini waya duni au vanishi isiyokauka vizuri haistahimili joto la injini kwa muda mrefu. Hapo, au pale kasha linapopasuka, ni afadhali kununua nyingine.

Tatizo ni kwamba kwa aina nyingi za magari, altaneta nzima huagizwa Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi, na gari la biashara halileti fedha likiwa limeegeshwa. Mwenye lori la mpunga hufanya vyema kutengeneza ile ya zamani kwa kaboni na beringi, akaitunza kama akiba hata baada ya kununua nyingine. Ya mtumba isilipiwe kabla ya kupimwa ikiwa imebeba mzigo wa taa zote, na ampea zake zisipungue zile za awali.

Wenye Toyota Hilux na Hiace za injini ya 2L au 3L wana la ziada la kukagua. Nyuma ya altaneta zake hufungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Sili yake ikivuja, oili huingia ndani na kuharibu kaboni mpya mapema. Na ikifungwa altaneta isiyo na pampu hiyo, betri itachaji vizuri huku kanyagio la breki likiwa gumu kama jiwe.