Mchakamchaka wa Kipupwe na Saa ya Filimbi

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike habari za michezo ya enzi zetu. Nimeona nisiandike juu ya vikombe, kwa kuwa vikombe vimo kabatini ofisini kwa Mkuu wa Shule na kila mwenye macho anaviona. Nitaandika juu ya jambo lisilo na kikombe, yaani mchakamchaka wa alfajiri katika miezi ya kipupwe. Sababu yangu mtaiona huko mbele.

Asiyepata kuishi Njombe hudhani kwamba baridi ni mali ya Ulaya. Mji wetu uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka usiku na kulala juu ya majani mpaka jua lipande, na huko juu Kitulo umande huganda ukawa mweupe kama chumvi. Katika miaka ya 1990 tulipokuwa wanafunzi, filimbi ililia saa 11 na nusu alfajiri, Januari hata mwisho wa mwaka. Tulitoka wawili wawili, kaptura na fulana, tukiimba kwa sauti ya kuwaamsha hata wafu, tukashika barabara kuu hadi darajani na kurudi. Mwezi wa Novemba, tulipofika darajani mtu aliweza kuona rangi ya fulana ya mwenzake. Mwezi wa Julai tulikwenda usiku na kurudi usiku.

Mwaka 1998 nilikuwa kiranja wa michezo, na filimbi ilikuwa mkononi mwangu. Siku moja ya Julai mwalimu wa zamu aliniita. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Kijana, miezi hii giza ni nene. Mbona msiisogeze filimbi mbele, au mkakimbia jioni?" Nilimjibu kwa adabu, lakini kwa kiburi cha ujana, kwamba saa ile tuliirithi kwa kaka zetu, na kwamba mkimbiaji haogopi giza. Jioni ile niliwakusanya wadogo na kuwahutubia habari za John Stephen Akhwari. Niliwaambia jinsi alivyoumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea na mguu uliofungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limekwisha kutanda, wa 57 na wa mwisho. Walinipigia makofi.

Haikupita wiki. Kando ya barabara palikuwa pamechimbwa mtaro, wala hapakuwa na taa wala alama yoyote. Lori lilikuja mbele yetu na mwanga mkali, tukasogea pembeni bila kuona tunakokanyaga, na mwenzetu aliyekuwa bingwa wetu wa meta 1,500 akatumbukia. Mfupa wa mundi ulivunjika mara mbili. Tulimbeba kwa zamu mpaka shuleni. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamebaki majuma matatu. Hakwenda, wala hakukimbia mbio za ushindani tena maishani mwake. Hakuna aliyeniuliza juu ya saa ya filimbi. Ndiyo maana nimejiuliza mwenyewe kwa zaidi ya miaka 25.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini Julai yetu ina giza kiasi kile, maana tulifundishwa kwamba nchi zilizo karibu na ikweta mchana na usiku hulingana. Hulingana, lakini si sawasawa. Njombe katikati ya Julai jua huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, na katikati ya Novemba huchomoza yapata saa 12 na dakika 10. Tofauti ni kama dakika 50. Sehemu yake inatokana na mchana wa kipupwe kuwa mfupi kwetu sisi tulio kusini ya ikweta. Sehemu nyingine inatokana na mwinamo wa dunia na mwendo wake usio sawa katika kulizunguka jua, mambo yanayofanya adhuhuri ya jua isiangukie saa ileile ya ukutani kila mwezi. Tena saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata pwani yetu. Njombe iko karibu na digrii 35. Kila digrii moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo saa ya ukutani hututangulia kwa dakika kama 40 mwaka mzima. Saa 11 na nusu ya Julai, kwa hesabu ya jua, ilikuwa bado usiku hasa. Filimbi yetu ilitii ukuta na kulisahau jua.

Jambo la pili nililijua ugenini. Mwaka 2012 serikali ilinipeleka Glasgow, Scotland, kusomea uongozi wa utumishi wa umma kwa mwaka mmoja. Mwezi Desemba huko jua huchomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi na kuzama saa 10 kasoro robo alasiri. Nilidhani watu wa huko hufungia viatu kabatini mpaka theluji iyeyuke. Kumbe mbio za nyika kwao ni mchezo wa majira hayo hasa. Msimu wake huanza Oktoba na kuishia Machi.

Nikaanza kuchimba historia yake. Katika karne ya 19 wanafunzi wa shule za bweni za Uingereza walicheza mchezo wa sungura na mbwa. Wachache walitangulia wakidondosha vipande vya karatasi, na wengine wakafuata alama hizo mashambani. Mwaka 1868 wapiga makasia wa mto Thames, London, waliotaka mazoezi ya miezi ya baridi, waliunda chama cha Thames Hare and Hounds. Huko Scotland, chama cha Clydesdale Harriers kilianzishwa mwaka 1885. Na mwaka 1903, mjini Hamilton, si mbali na Glasgow, zilifanyika mbio za kwanza za nyika za kimataifa, zikishindaniwa na England, Scotland, Ireland na Wales. Mshindi akawa Alfred Shrubb wa England.

Lililonigusa ni utaratibu wao. Vyama vile viliwapanga watu kwa makundi ya mwendo. Kila kundi lilikuwa na mtu wa mbele aliyeshika kasi na mtu wa nyuma aliyehakikisha hakuna anayeachwa. Nilipojiunga na wakimbiaji wa mtaani kwetu niliukuta utaratibu huo ungali hai. Jioni za katikati ya juma tulikimbia kwenye mitaa yenye taa tu. Mashamba na vilima tuliviwekea Jumamosi, mchana kweupe. Kila mtu alivaa kizibao chenye mkanda unaong'aa. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alinifundisha kuvaa nguo mbili nyepesi badala ya koti moja zito, kupasha mwili moto kabla ya kuanza, kuanza nikiwa nasikia baridi kidogo, na kubadili fulana iliyolowa jasho mara tu ninaposimama, kwa kuwa baridi humpata mtu zaidi akisimama kuliko akikimbia. Watu wale hawakuwa mashujaa kutushinda sisi. Walikuwa wameyapanga mambo yao kwa kufuata majira.

Wala asije mtu akasema kwamba mtu wa joto hawezi baridi. Mwaka 1992 mbio za nyika za dunia zilifanyika Boston, Marekani, juu ya njia yenye theluji. Aliyeshinda ni John Ngugi wa Kenya, na huo ulikuwa ushindi wake wa tano. Kenya nako ziko nchi za juu zenye alfajiri za baridi kama Njombe.

Nikamrudia Akhwari, maana nilikuwa nimemtumia vibaya. Marathoni ile ya Mexico ilianza saa 9 alasiri. Akhwari hakulichagua giza. Lilimkuta njiani akiwa anatimiza wajibu aliouanza mchana. Mimi niliwapeleka watoto wa watu gizani kwa hiari yangu, nikauita ushujaa. Kuvumilia taabu iliyokujia ni jambo moja. Kuitafuta taabu isiyo ya lazima na kuwatwika wadogo zako ni jambo jingine kabisa.

Katika mkutano wetu wa mwaka jana nilisikia kwamba filimbi bado inalia saa 11 na nusu, na kwamba baadhi ya wazazi wanataka mchakamchaka ufutwe kabisa. Mimi siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Kuufuta ni kuwanyima vijana kitu kilichotujenga. Kuuacha ulivyo ni kungoja mtaro mwingine. Napendekeza kuanzia Mei hadi Agosti mchakamchaka uhamishiwe saa 10 na nusu jioni, baada ya masomo, au ikiwa lazima uwe asubuhi, uwe ndani ya uwanja na si barabarani. Panapo barabara, kundi likimbie upande wa kulia, likiyatazama magari yanayokuja, na awepo mtu wa mbele na mtu wa nyuma wenye vizibao vinavyong'aa. Mimi na wahitimu wenzangu wanne wa darasa la 1998 tumekwisha kuchangishana fedha za vizibao 20, na vitaletwa kabla ya kipupwe kijacho.

Wa kwanza kutoa mchango alikuwa yule mwenzetu aliyevunjika mguu. Siku hizi ni mkulima wa chai, na anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Nilipomweleza kwa mara ya kwanza kwamba mwalimu alikuwa amenionya, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kiranja wa sasa amekwisha kuambiwa?"

Ndugu yangu kiranja, kama unasoma ukurasa huu, sasa umeambiwa.