Hapana Nyingi, Ndiyo Hakuna: Bunge la Uingereza na Safari ya Kutoka Ulaya

Katika lugha yetu kitenzi kutoka hakijitoshelezi. Mtu akisema, "Natoka," amsikiaye humwuliza, "Waenda wapi?" Tarehe 23 Juni 2016 raia wa Uingereza waliulizwa swali moja tu: nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya, au itoke? Watu milioni 17.4 walijibu kwamba itoke, na milioni 16.1 wakajibu kwamba ibaki. Yaani asilimia 51.9 kwa asilimia 48.1. Hapakuwa na swali la pili la kuuliza, ikitoka iende wapi. Katika upungufu huo, kwa maoni yangu, ndimo ulimozaliwa mkwamo ulioliteka Bunge la nchi hiyo kwa miaka mitatu na nusu, ukamwondoa madarakani waziri mkuu mmoja, na kuwashangaza wengi waliozoea kusikia Bunge hilo likiitwa mama wa mabunge.

Uingereza haikuwamo katika jumuiya hiyo tangu mwanzo. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliikatalia kuingia mara mbili, mwaka 1963 na 1967. Iliingia tarehe 1 Januari 1973, wakati wa Waziri Mkuu Edward Heath, na hata miaka mitatu haijatimia, mwaka 1975, wananchi wakaitwa kuamua kama wakae au waondoke. Theluthi mbili ya waliopiga kura walisema wakae. Wakati huo chama kilichogawanyika zaidi juu ya jambo hili kilikuwa Labour. Miaka arubaini baadaye ugonjwa ulikuwa umehamia kwa Conservative. Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kura ya maoni mwaka 2013, akitaraji kuutuliza ugomvi wa ndani ya chama chake. Siku iliyofuata kura hiyo alitangaza kujiuzulu, naye Theresa May akashika mahali pake mwezi Julai 2016.

Yafaa tuzitazame njia zilizokuwapo. Nchi yaweza kutoka katika Umoja na bado ikabaki katika soko lake la pamoja, kama ilivyo Norway, ambayo haimo katika Umoja lakini hufuata sehemu kubwa ya sheria za soko hilo. Yaweza kuacha soko ikabaki katika ushirika wa forodha, isitozwe ushuru mipakani. Yaweza kuacha yote mawili na kufanya mkataba wa biashara kama nchi nyingine yoyote ya mbali. Tena yaweza kuondoka mikono mitupu, pasipo mkataba wowote. Watu milioni 17.4 walikuwa wamesema "tutoke", lakini kila mmoja alikuwa na njia yake moyoni, na karatasi ya kura haikuwauliza habari hiyo.

Wabunge wenyewe kwa wingi wao walikuwa wamependelea kubaki. Hata hivyo, tarehe 1 Februari 2017, walikubali kwa kura 498 kwa 114 kwamba serikali ipeleke barua ya kuondoka, na barua ikapelekwa tarehe 29 Machi. Mkataba wa Umoja huipa nchi inayotoka miaka miwili ya mazungumzo, na muda huo hauongezwi ila kwa ridhaa ya wanachama wote waliosalia. Basi saa ilianza kuhesabu kabla wasafiri hawajakubaliana njia. Kisha Bibi May, akitafuta nguvu zaidi Bungeni, aliitisha uchaguzi wa Juni 2017, akapoteza hata ule wingi mdogo aliokuwa nao. Ilimbidi aegemee wabunge kumi wa chama cha DUP kutoka Ireland ya Kaskazini, yaani kutoka pembe ile ile ya nchi ambamo fundo gumu kuliko yote lilikuwa likimngoja.

Kati ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya milki ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, kuna mpaka wenye urefu wa kilometa 500 hivi. Unapita katikati ya mashamba na vijiji, na kuna wakulima wenye ardhi pande zote mbili. Kwa muda wa miaka thelathini watu zaidi ya 3,500 waliuawa katika ugomvi wa eneo hilo, hata mapatano ya Aprili 1998 yalipoleta amani. Vituo vya askari mpakani vikaondolewa. Na kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa katika Umoja mmoja, wala hapakuwa na forodha. Mtu aliweza kuvuka asijue kwamba amevuka.

Sasa Uingereza ikiacha soko na forodha ya pamoja, bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani. Ama zikaguliwe katika mpaka ule wa nchi kavu, na hapo amani imetiwa hatarini. Ama zikaguliwe baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza iliyobaki, na hapo nchi moja imetiwa mpaka ndani yake. Ama zisikaguliwe popote, kwa sababu Uingereza nzima inaendelea kufuata kanuni za forodha ya Ulaya. Njia ya nne haikupatikana, ijapokuwa wapo waliodai kwamba mitambo ingeimaliza kazi hiyo. Kila moja ya njia hizo tatu ilikuwa chukizo kwa kundi ambalo Bibi May hakuweza kufanya lolote bila ya kura zake.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mpaka uliofungwa. Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mgawanyo wa mali, yaani ndege, mabehewa, meli na madeni, ulikamilishwa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1984, baada ya kazi ndefu ya mpatanishi Victor Umbricht kutoka Uswisi. Sisi tulivunja kwanza tukapatana baadaye. Waingereza walitaka kupatana kwanza, na hapo ndipo walipokwama.

Mkataba alioleta Bibi May mwezi Novemba 2018 ulikuwa na kurasa 585, lakini ugomvi wote uliangukia sharti moja la tahadhari: kwamba isipopatikana njia nyingine ya kuuacha wazi mpaka wa Ireland, Uingereza nzima itabaki katika eneo moja la forodha na Ulaya. Waliotaka kutoka kabisa waliuita mtego, kwani nchi isingeweza kujitoa humo kwa uamuzi wake peke yake. DUP waliukataa kwa sababu Ireland ya Kaskazini ingefungwa na kanuni za ziada. Waliotaka kubaki nao waliuona kuwa ni hasara isiyo na faida. Tarehe 15 Januari 2019 ulikataliwa kwa kura 432 kwa 202. Katika historia ya sasa ya Bunge hilo hakuna serikali iliyowahi kushindwa kwa tofauti kubwa kama hiyo. Kesho yake Bunge lile lile lilipiga kura ya imani, na serikali ikaokoka kwa 325 kwa 306. Waliomkatalia mkataba wake walimwambia aendelee kutawala!

Ulirudishwa tarehe 12 Machi, ukashindwa kwa 391 kwa 242. Spika John Bercow akatangaza kwamba hoja iliyokwisha kukataliwa hairudishwi vile vile ilivyo katika kikao hicho hicho cha Bunge, akitegemea desturi ya tangu mwaka 1604. Ulirudishwa mara ya tatu, umepunguzwa kidogo, tarehe 29 Machi, siku ile ile ambayo nchi ilikuwa imepangiwa kutoka. Bibi May alikuwa ameahidi kujiuzulu endapo ungepita. Ukashindwa tena, 344 kwa 286.

Hapa hapana budi tueleze jinsi wabunge wa nchi hiyo wapigavyo kura. Hoja husomwa, kisha kila mbunge hupita katika ujia mmoja kati ya miwili, mmoja wa ndiyo na mmoja wa siyo. Utaratibu huo wafaa sana pale penye mambo mawili. Penye manne au matano, watu wasiopatana hujikuta wamepita katika ujia mmoja wa siyo, mmoja kwa sababu mkataba umetoka mno, mwingine kwa sababu haukutoka vya kutosha. Kila kundi lilitumaini kwamba mlango wa wenzake ukifungwa, wake utafunguka.

Wabunge wenyewe waliling'amua jambo hilo. Tarehe 27 Machi waliishika ratiba ya Bunge kutoka mikononi mwa serikali, wakapewa karatasi zenye mapendekezo manane, kila mmoja ayakubali mengi apendavyo. Yote manane yalishindwa. Tarehe 1 Aprili yakaletwa manne, nayo yakashindwa. Pendekezo la kubaki katika ushirika wa forodha lilipata kura 273 dhidi ya 276: kura tatu tu! Baadhi ya waliotaka kubaki kabisa walijizuia kuliunga mkono, wakitumaini kupata kura ya maoni ya pili. Nayo ikashindwa kwa 280 kwa 292. Nick Boles wa Conservative, aliyeleta pendekezo la kufuata njia ya Norway, alisimama pale pale akatangaza kwamba anakiacha chama chake kwa kuwa hakikubali kupatana. Mimi naihesabu jioni hiyo kuwa ndiyo kilele cha mkwamo, kuliko vituko vyote vilivyofuata.

Na vituko vilikuwapo. Tarehe ya kutoka ilisogezwa hadi Aprili, kisha hadi Oktoba 31. Boris Johnson aliingia madarakani Julai. Alilisimamisha Bunge mwezi Septemba, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba kitendo hicho hakikuwa halali. Aliwafukuza chamani wabunge 21 waliompinga, akiwamo mjukuu wa Winston Churchill. Sheria ilipomlazimisha kuiomba Ulaya muda zaidi, alipeleka barua isiyotiwa sahihi. Mkataba wake mpya ulipeleka ukaguzi baharini, jambo ambalo Bibi May alikuwa amesema hakuna waziri mkuu wa nchi hiyo awezaye kulikubali. Tarehe 22 Oktoba Bunge lilisema ndiyo kwa mara ya kwanza, 329 kwa 299. Dakika chache baadaye likaikataa ratiba ya kuujadili muswada huo.

Fundo lilikatwa, halikufunguliwa. Katika uchaguzi wa tarehe 12 Desemba 2019 Conservative walipata asilimia 43.6 ya kura na viti 365 kati ya 650. Vyama vilivyotaka kubaki, au kuwauliza wananchi tena, kwa pamoja vilizidi nusu ya kura kidogo, lakini viligawana, na kila jimbo lina mshindi mmoja tu. Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020 saa tano za usiku, ambazo Brussels ni saa sita kamili.

DUP, waliomkatalia Bibi May, walipata mpaka wa baharini walioukataa kuliko vyote. Mwezi Februari 2022 walijitoa katika serikali ya Ireland ya Kaskazini kwa ajili yake, wakarudi Februari 2024, baada ya Uingereza na Ulaya kuyalegeza masharti mwaka 2023. Katika ule mpaka wa nchi kavu magari hupita bila ya kusimamishwa na forodha. Ukaguzi hufanywa bandarini, Belfast na Larne.